Mwezi Mpevu Haukuwa Kwenye Dodoso

Wanafunzi wanaoniletea mapendekezo yao ya utafiti niyasome huwa wamekariri vizuri. Ukimuuliza mmoja kigeu huru ni nini, atakujibu hapohapo: ni kile kinachosababisha. Na kigeu tegemezi? Ni kile kinachoathirika. Lakini ukimwambia, haya, katika utafiti wako huu wa dagaa wa Igombe, kipi ni kipi na kwa nini, anaanza kupekua karatasi. Amesoma, tena kwa bidii. Tatizo ni kwamba amefundishwa aina za vigeu kama majina ya mikoa na makao makuu yake, kana kwamba kila kitu kimezaliwa na aina yake na kazi ya mtafiti ni kuikumbuka siku ya mtihani.

Kwa msomaji ambaye neno hili ni geni: kigeu ni jambo lolote linaloweza kutofautiana kutoka mtu hadi mtu, siku hadi siku au mahali hadi mahali, na ambalo unaweza kulipima au kuliweka kwenye kundi. Uzito wa sato ni kigeu. Bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba ni kigeu. Jina la mwalo, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, ni kigeu, na umri wa mvuvi vilevile.

Nimekusanya data Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, na visiwa vyake kwa miaka mingi, kwanza kama mdodosaji aliyetumwa na dodoso na mizani, baadaye kama msimamizi wa timu za uwandani. Nimefanya kazi na watu wa uvuvi na nimefanya kazi na watu wa afya. Jambo moja limenikaa kutokana na kazi hiyo yote, nalo ndilo ninalotaka kulieleza hapa: aina ya kigeu inatoka kwenye swali unalouliza. Ukibadilisha swali, kitu kilekile kinahama nafasi. Na mara nyingi kigeu chenye nguvu kuliko vyote ni kile ambacho hakuna aliyekiandikia nafasi kwenye dodoso.

Chukua oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya ziwa, ile tunayoipima kwa miligramu kwa lita. Siku hizi vizimba vya sato, yaani nyavu zilizozungushwa majini za kufugia samaki, vimejaa ziwani, na wanafunzi wengi wanavifanyia utafiti. Wa kwanza anataka kujua chakula gani kinakuza sato haraka. Kwake chakula ni kigeu huru, uzito wa samaki ni kigeu tegemezi, na oksijeni ni kitu anachotaka kikae sawa kwa kila kizimba. Kwa hiyo anaweka vizimba vyake eneo moja lenye kina kimoja, anatia idadi ileile ya vifaranga wa umri mmoja kutoka kituo kimoja cha kuzalishia. Oksijeni hapo ni kigeu kinachodhibitiwa. Wa pili anauliza kwa nini samaki wa vizimba fulani walikufa usiku mmoja. Kwake oksijeni imekuwa kigeu huru, ndiyo mshukiwa. Wa tatu anataka kujua magugu maji yanapofunika ghuba yanafanya nini kwa maji yaliyo chini yake. Kwake oksijeni ni kigeu tegemezi, kitu cha mwisho anachokwenda kukisoma kwenye mita.

Mita ni ileile, na wote watatu wako sahihi. Ndiyo maana mwanafunzi akinionyesha orodha ya vigeu kabla hajanionyesha swali lake, ninamrudishia.

Tena oksijeni hiyo ina tabia inayowasumbua wote watatu. Mchana mwani na mimea ya majini hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku hakuna anayetengeneza, na kila kiumbe kinaendelea kupumua. Kwa hiyo kiwango hushuka usiku kucha na huwa chini kabisa alfajiri. Ukipima kizimba cha kwanza alfajiri na cha pili saa sita mchana kwa sababu mtumbwi ulichelewa mafuta, tofauti utakayoipata inaweza kuwa ya saa tu. Saa ya kupima imeingia kwenye utafiti wako bila kualikwa. Vigeu vya namna hii, vinavyoambatana na kigeu huru na wakati huohuo kuathiri kigeu tegemezi, huitwa vigeu vurugishi. Vitabu vinavitaja kwa aya moja. Mimi ningevipa sura nzima.

Aliyenifundisha kigeu vurugishi hakuwa mhadhiri. Alikuwa mzee mmoja mwenye mitumbwi kwenye mwalo wa upande wa kaskazini mwa jiji. Tulikuwa tunajaribisha dodoso kabla kazi yenyewe haijaanza. Timu ilitaka kulinganisha taa za sola na karabai katika uvuvi wa dagaa: mtumbwi unaotumia taa ya sola unapata kilo ngapi kwa usiku, na unaotumia karabai unapata ngapi. Mwalo mmoja ulikuwa umeshahamia sola karibu wote, mwingine bado ulitegemea karabai. Mpango ulikuwa kukaa mwalo wa kwanza wiki moja, kupumzika na kuingiza data, kisha kuhamia mwalo wa pili.

Nilimwamkia, tukaongea habari za ziwa, halafu akaniomba aione ratiba. Aliishika kwa mkono uliojaa magamba, akahesabu tarehe kwa kidole, akanyanyua macho.

"Mwanangu, kule mnakwenda wakati wa giza."

"Ndiyo, mzee."

"Na huku kwetu mnakuja mwezi ukiwa mpevu."

Sikuwa nimelitazama hivyo. Akanirudishia karatasi. "Sasa mtakuwa mnapima taa, au mnapima mwezi?"

Kila anayeishi na dagaa analijua hili. Dagaa hufuata mwanga, na taa ya mvuvi ina nguvu pale tu penye giza. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga umeenea ziwa zima. Dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa ya mtu. Siku hizo wavuvi wengi hawatoki, wanashona nyavu, wanakwenda kusalimia familia. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo pengo la wiki mbili linatosha kukutoa kwenye giza totoro hadi mwezi mpevu. Ratiba yetu ilikuwa na pengo hilohilo. Tungerudi na kilo nyingi za sola na kilo chache za karabai, tungetengeneza jedwali zuri, na hakuna hesabu ya takwimu ambayo ingetuokoa, kwa sababu data zetu zisingekuwa hata na usiku mmoja wa giza wenye karabai. Ambacho hukukipima huwezi kukitenganisha baadaye.

Ninapomsimulia mwanafunzi habari hii humsisitizia jambo ambalo wengi wanalipita. Mwezi hauko kwenye aina ya "vurugishi" kwa asili yake. Ratiba ndiyo iliyoufanya uwe vurugishi, kwa kuufunganisha na aina ya taa. Timu ilipobadilisha mpango, watu wawili wakawa kwenye mwalo huu na wawili kwenye mwalo ule usiku uleule, mwezi uliendelea kupunguza samaki kama kawaida yake, lakini uliwapunguzia wote. Haukuvuruga tena ulinganisho. Na baada ya hapo ungeweza kuuliza swali jipya na la kuvutia zaidi: je, faida ya sola juu ya karabai ni ileile usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi? Ukiuliza hivyo, mwezi umekuwa kigeu kirekebishi, yaani kile kinachobadilisha ukubwa wa athari ya kigeu kingine. Mwezi mmoja, nafasi tatu, na hakuna aliyeugusa.

Bado kuna wasiwasi mwingine, nao ni wa haki. Wenye sola wanaweza kuwa ndio wenye mitaji, wenye injini nzuri na manahodha wazoefu, wanaofika mbali. Hayo nayo yanaambatana na taa. Unaweza kuyaandika moja moja na kuyaingiza kwenye uchambuzi: nguvu ya injini, miaka ya nahodha kazini, idadi ya taa kwa mtumbwi, umbali. Lakini utaandika yale unayoyajua tu. Njia inayogusa hata usiyoyajua ni kura: chukua mitumbwi iliyokubali kushiriki, piga kura nani atumie taa ipi usiku huu, kesho wabadilishane. Kura haimjui tajiri wala nahodha hodari. Ninaipenda sana, na ninasikitika kila ninapoona pendekezo ambalo lingeweza kupiga kura kwa gharama ndogo likaacha, likaahidi badala yake kwamba "vigeu vingine vyote vitadhibitiwa" bila kusema kwa mkono wa nani.

Sentensi hiyo ya kudhibiti kila kitu ina madhara mengine, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu nimeona kazi nzuri ikiharibika hapo.

Binti mmoja alikuwa akiandika tasnifu yake kuhusu ukaushaji wa dagaa. Wengi bado wanaanika juu ya mchanga. Wengine wanatumia vichanja, yaani meza za miti zilizotandazwa wavu, dagaa wakapata hewa juu na chini. Swali lake lilikuwa rahisi na la maana kwa akina mama wa mialoni: je, kichanja kinampatia mkaushaji bei nzuri zaidi? Nilikwenda naye uwandani mara kadhaa. Mama mmoja mkaushaji alituonyesha jambo lenyewe bila maelezo mengi. Aliokota dagaa waliotoka mchangani, akawaweka kiganjani, akawapigapiga kwa vidole vya mkono wa pili, akawamwaga. Mchanga ulibaki kwenye mistari ya kiganja chake. Akafanya vilevile kwa dagaa wa kichanja. Kiganja kilibaki na magamba machache tu, meupe. "Mteja wa mjini akitafuna mchanga mara moja, dada," alisema, "harudi."

Kwa hiyo njia ya faida ilikuwa wazi: kichanja kinapunguza mchanga, dagaa safi wanapandishwa daraja, daraja linapandisha bei. Mchanga hapo ni kigeu cha kati. Umekaa katikati ya sababu na matokeo, na sababu inapita ndani yake kufika kwenye matokeo.

Binti huyu alikuwa ameshauriwa na mtu anayemheshimu kwamba aingize kiasi cha mchanga kwenye orodha ya vigeu vya kudhibitiwa, ili "abaki na athari ya kichanja peke yake". Aliingiza. Athari ya kichanja ikapotea karibu yote. Alikuja kwangu akiwa na huzuni, akidhani ushahidi umekataa kile alichokiona kwa macho. Tuliketi chini tukachora mishale kwenye karatasi. Ukilinganisha dagaa wa kichanja na dagaa wa mchangani walio na mchanga sawa, unalinganisha watu wa aina gani? Unamtafuta mwenye kichanja ambaye dagaa wake wachafu kama wa chini, na mkaushaji wa chini ambaye dagaa wake wasafi kama wa juu. Umeifunga njia ambayo kichanja kinapitia, halafu unauliza kwa nini hakijafika.

Mtaji ulikuwa jambo tofauti. Mwenye mtaji anaweza kujenga kichanja, na pia anaweza kuhifadhi gunia zake stoo akisubiri bei ipande. Mtaji umetangulia kichanja, na una njia yake nyingine ya kufika kwenye bei. Huo ndio wa kudhibitiwa. Kwenye jedwali la kompyuta, mchanga na mtaji vinaonekana sawa kabisa: safu mbili za namba, zote zinahusiana na kichanja, zote zinahusiana na bei. Programu ya takwimu haiwezi kukuambia ipi ni ipi. Anayejua ni yule aliyesimama mwaloni akaona kipi kinatangulia.

Kisha tukakuta mvua. Masika, mchanga ukilowa, dagaa wa chini wanaoza au wanaingiliwa na wadudu kabla hawajakauka, na faida ya kichanja inakuwa kubwa. Juni hadi Agosti, jua likiwa kali na mchanga mkavu, tofauti inapungua. Msimu ni kigeu kirekebishi. Alikuwa na data za misimu yote miwili, kwa hiyo alitenganisha uchambuzi, na tasnifu ikawa na jibu ambalo mama mwenye mtaji mdogo anaweza kulifanyia kazi: kama huna pesa ya vichanja vya dagaa wote, anza na vichache, uvitegemee wakati wa mvua.

Kuna swali moja ambalo ningeomba kila mtafiti wa mialo yetu aliulize kabla ya kupima chochote: kipimo hiki ni nini hasa? Dagaa wabichi huuzwa kwa ndoo. Unaandika "ndoo 14" na unajiona umepima. Lakini kuna ndoo iliyojazwa hadi ukingoni na kuna ndoo iliyorundikwa ikatengeneza mlima. Kuna dagaa waliochuja maji na dagaa waliotoka majini sasa hivi. Mtu akinunua kwa rafiki yake anapewa mlima. Ukitumia ndoo bila kuifafanua, kigeu chako tegemezi kinapima samaki pamoja na undugu. Mizani inatatua sehemu kubwa ya tatizo, mradi uandike pia wamechujwa muda gani.

Upande wa afya ulinifundisha ngazi za vipimo, somo ambalo darasani lilikuwa limenichosha. Mgawanyo wa ngazi nne ulipendekezwa na mwanasaikolojia wa Marekani S. S. Stevens mwaka 1946: majina tu, kama jina la mwalo; mpangilio, kama daraja la ubora, ambapo unajua nani yuko juu lakini hujui kwa umbali gani; vipindi, kama joto la maji kwa nyuzi za Selsiasi, ambapo tofauti zina maana lakini sifuri haimaanishi kutokuwepo kwa joto; na uwiano, kama kilo, ambapo sifuri ni sifuri kweli na kilo 20 ni mara mbili ya kilo 10. Ukishaona jedwali la ripoti ambamo mialo imepewa namba 1, 2 na 3 kwa ajili ya kompyuta, halafu mtu akaandika chini yake kwamba wastani wa mwalo ni 2.1, hutasahau tena ngazi ya kwanza ni nini. Mimi nimeliona jedwali hilo, lilikuwa limechapwa vizuri.

Kichocho ndicho kilichonifanya niyapende mambo haya. Mwambao wa ziwa una kichocho cha matumbo. Ukiingia bara, kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, unakutana zaidi na kile cha mkojo. Katika kupima cha matumbo, sampuli ya choo hukamuliwa kwenye chekeche dogo, ikajazwa kwenye tundu la kibao cha plastiki kinachobeba miligramu 41.7, ikawekwa kwenye slaidi na kufunikwa kwa kipande cha selofani kilicholowekwa gliserini. Choo kinakuwa angavu, mayai yanaonekana kwenye hadubini, kila moja na mwiba wake ubavuni. Unahesabu. Kisha unazidisha kwa 24 ili upate mayai kwa gramu moja, kwa kuwa 1,000 ukigawa kwa 41.7 unapata karibu 24.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya vigeu vya kuhesabika, vinavyokwenda moja moja, na vile vya mwendelezo, vinavyoweza kuwa namba yoyote katikati. Mayai kwa gramu yanaonekana kama namba ya mwendelezo, lakini kutoka kwenye slaidi moja huwezi kupata 30 wala 50. Unapata 0, 24, 48, 72, 96. WHO, Shirika la Afya Duniani, inaita maambukizi ya 1 hadi 99 kuwa mepesi, 100 hadi 399 ya wastani, 400 na kuendelea makali. Maana yake, mayai manne kwenye slaidi ni mepesi, 96, na mayai matano ni ya wastani, 120. Yai moja, ambalo msomaji wa hadubini aliyechoka anaweza kulipita, linamhamisha mtoto daraja. Na sifuri kwenye slaidi haisemi kwamba mtoto hana minyoo. Mayai machache yanaweza kukosekana kwenye kipande kile kidogo. Ndiyo maana hutengenezwa slaidi zaidi ya moja kwa kila sampuli.

Mradi mmoja niliowahi kuukuta uliandika kwenye daftari madaraja matatu tu na kutupa hesabu za mayai, ili kuokoa muda wa kuingiza data. Baada ya watoto kupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, walitaka kuonyesha dawa imefanya nini. Fikiria mtoto aliyekuwa na mayai 2,400 kwa gramu, akashuka hadi 408. Mwili wake umepunguziwa mzigo mkubwa mno. Kwenye daftari lao aliandikwa "makali" kabla na "makali" baada. Kutoka kwenye namba unaweza kutengeneza madaraja wakati wowote. Kutoka kwenye madaraja huwezi kurudi kwenye namba. Kwa hiyo ninawaambia wadodosaji wangu waandike walichokiona, hesabu ya mayai, kilo, umri kwa miaka, na kazi ya kuweka makundi waiache kwa mchambuzi. Umri hasa. Mtu akikuandikia "kijana" na "mzee", amekunyang'anya utafiti.

Kuna utafiti wa Mwanza ambao ningependa kila mwanafunzi wa Kanda ya Ziwa aujue, maana ndani yake yamo yote niliyoyataja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), AMREF (shirika la afya la Afrika) na London School of Hygiene and Tropical Medicine waliuliza kama kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya afya na zahanati kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Jamii 12 zilipangwa katika jozi 6 zinazofanana, kama za mwambao kwa mwambao, za kando ya barabara kwa za kando ya barabara. Katika kila jozi kura ikaamua ipi ianze kupata huduma. Kigeu huru ni huduma hiyo. Kigeu tegemezi ni maambukizi mapya katika miaka miwili. Aina ya eneo, ambayo ingevuruga kila kitu, ilishughulikiwa kwa kupanga jozi, na kura ikashughulikia mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: asilimia 1.2 waliambukizwa katika jamii zilizopata huduma, asilimia 1.9 katika zile za kulinganishia. Waliulizia pia mwenendo wa watu wa kujamiiana, wakakuta haukubadilika kwa maelezo yao wenyewe, kwa hiyo njia hiyo haikueleza upungufu huo, wa karibu asilimia 40.

Kisha ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, wenzetu walifanya jaribio lililofanana na hilo kwa mbali: walitibu watu wazima kwa pamoja, majumbani, kila baada ya miezi 10, wawe na dalili au wasiwe nazo. Matokeo ya mwaka 1999 yalionyesha maambukizi mapya 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka pande zote mbili. Hakuna tofauti.

Nilipokuwa kijana nilisikia watu wakibishana ni utafiti upi uliokosea. Wataalamu walioketi na data za pande zote mbili walilifuata swali lingine: kitu gani kinatofautiana kati ya Mwanza na Rakai? Matibabu yenyewe hayakuwa sawa, huku huduma ya kila siku kwa mwenye dalili, kule dawa kwa wote kwa vipindi. Lakini pia janga lilikuwa katika hatua tofauti. Mwanza wakati ule asilimia 4 hivi ya watu wazima walikuwa na VVU. Rakai ilikuwa karibu asilimia 16. Pale ambapo virusi vimeshaenea sana, sehemu ndogo zaidi ya maambukizi mapya hupitia kwenye magonjwa ya ngono yanayotibika, kwa hiyo kuyatibu kunazuia machache. Hatua ya janga ikawa kigeu kirekebishi, na haikuweza kuonekana ndani ya utafiti mmoja peke yake, kwa sababu ndani ya Mwanza haikutofautiana vya kutosha, wala ndani ya Rakai. Ililazimu kuweka pwani mbili za ziwa kando kwa kando.

Atakayetaka kuuliza swali hilo leo katika jamii zilezile za mwambao atakuta vigeu vimehama tena. Dawa za ARV zinapunguza uwezo wa mtu kuambukiza wengine, upimaji umesambaa hadi visiwani, na wavuvi wanahama kambi kwa kufuata samaki wakiwa na simu mfukoni. Idadi ya wanaotumia ARV, na kama virusi vyao vimefubazwa, havikuwa na nafasi kwenye dodoso la mwaka 1991. Kwenye la sasa vinapaswa kuwa ukurasa wa kwanza, vipimwe kwa namba, kabla kura ya jozi ya kwanza haijapigwa.